Ute wa konokono, vioo viwili na udongo wa mbuga

Kazi hii huanza na mvua. Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na konokono wa huku wamezoea kusubiri. Usiku unaofuata mvua kubwa chukua tochi, pita kando ya uzio wa minyaa, chini ya migomba ya mtu mwenye bomba la maji, na kwenye mawe ya msingi wa nyumba ambayo ujenzi wake umesimama. Utawapata. Kiangazi wapo pia, ila wamejifungia ndani ya gamba kwa utando wa ute uliokauka. Hao nao wana kazi yao, nitaifikia.

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye shule ya sekondari ya kata, upande wa Veyula. Wanafunzi wananiita Mama Chupa kwa sababu situpi chupa wala kopo. Kila mwaka klabu ya sayansi ikitafuta mradi wa maonesho naletewa sabuni ya mwarobaini na mkaa wa mabua. Si miradi mibaya, ila majaji wameiona mpaka wanaitambua kwa harufu kabla hawajafika mezani. Haya nimewaandikia wanafunzi na walimu wenzangu wanaotaka kitu kingine: kuchukua ute wa mnyama, kuupima, kuujua ujanja wake, kisha kutengeneza kitu tofauti kabisa chenye ujanja uleule, kwa vitu vinavyopatikana hapahapa mjini.

Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapopotea. Mtu akisikia kwamba wanasayansi wanatengeneza gundi kwa kuiga ute wa koa, yule ndugu wa konokono asiye na gamba, anadhani kuna mahali wanakamua koa ndoo nzima. Hakuna. Wahandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, Brian Chan na Anette Hosoi, waliwahi kutengeneza konokono wa mashine aliyeweza kupanda ukuta. Hakupanda juu ya ute wowote wa mnyama. Alipanda juu ya tope laini la udongo wa kiwandani unaoitwa Laponite. Walichokiiga ni tabia ya ute. Ukitulia, unashika, ukisukumwa kwa nguvu ya kutosha, unateleza, ukiachwa, unashika tena. Konokono ana mguu mmoja tu na hawezi kuunyanyua kama sisi, kwa hiyo anahitaji kitu kinachomshikilia na kumwachia kwa wakati mmoja, sehemu moja ya mguu ikisonga huku nyingine imeng'ang'ana. Mwanabiolojia Mark Denny ndiye aliyelipima jambo hilo kwa koa, na matokeo yake yalitoka mwaka 1980. Akaona kwamba ute wa mguu unaweza kuwa yabisi na kimiminika kwa zamu, chini ya mnyama yuleyule, ndani ya hatua moja.

Ukiielewa aya hiyo, nusu ya mradi umeshaipata.

Kuhusu ute wenyewe sitakaa sana. Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kinachoyazuia maji hayo yasimwagike ni musini, yaani protini ndefu zilizoota matawi ya sukari kila upande. Sukari hizo zinashika maji, nyuzi zinanasana, na kati yake kuna chumvi na madini yanayozifunga au kuzilegeza. Kamasi zako, mate ya ng'ombe na utelezi wa kambare vyote vimejengwa kwa mpango huo. Tofauti ni vipimo, na vipimo ndiyo kazi yetu.

Umtumie mnyama gani

Konokono wa nchi kavu ndiye bora kwa shule. Hang'ati, hakimbii, na anatoa ute bila kuumizwa. Yule mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye gamba lake linaweza kufika sentimita 20, anatosha mmoja kwa meza nzima, lakini wadogo wa bustanini wanafaa pia.

Usichukue konokono wa majini. Wanafunzi wanaokaa karibu na bwawa la Hombolo au majaruba ya Bahi hawa ndio wanaowaona kwanza, na ndio nisiotaka kuwaona kwenye maabara yangu, kwa sababu konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho, na kichocho kinaingia kupitia ngozi wakati mtu amesimama majini akiwatafuta. Wa nchi kavu nao si wasafi. Wanaweza kubeba viluwiluwi vya minyoo ya panya, ambavyo vikimwingia binadamu vinaweza kufika kwenye ubongo. Basi vaa glavu, usile chochote mezani, nawa kwa sabuni ukimaliza, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na kopo la konokono.

Kiangazi, kambare ni mbadala mzuri. Nenda Majengo sokoni asubuhi, mwombe muuza samaki akuachie umpanguse kambare mbichi kabla hajasafishwa. Atacheka, lakini atakuruhusu ukimnunua. Ute wa kambare ni mwepesi kuliko wa konokono, haunati sana, kazi yake kubwa ni kulinda ngozi na kumpitisha majini bila kukwaruzwa. Ukivipima vyote viwili sambamba utakuwa na mradi wenye mjadala.

Kuhusu ng'ombe, naona nilisemee maana huku kila mtu ana ng'ombe au ana mjomba mwenye ng'ombe. Ng'ombe mmoja hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm, Uswidi, walitangaza jeli ya kulainisha waliyoitengeneza kwa musini ya ng'ombe, na kwenye vipimo vya maabara ilinasa virusi vya UKIMWI na vya malengelenge visizifikie seli kwa wingi. Ni maabara tu, bado haijawa dawa ya mtu, lakini fikiria: musini ile inatoka kwenye tezi za mate, na tezi za mate machinjioni huku ni chakula cha mbwa. Hata hivyo usimtume mwanafunzi kuingiza mkono kinywani mwa ng'ombe. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, na ng'ombe aliyeumwa na mbwa hana alama usoni.

Kukusanya

Konokono wako waoshe kwa maji ya mvua au ya kuchemsha yaliyopoa, mara kadhaa, hadi maji yatoke meupe. Wape jani la mchicha, wakae usiku kucha kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa ili wamalize kutoa uchafu. Mzee jirani yangu alizikuta ndoo zangu uani asubuhi moja.

"Mbukwa, mwanangu. Hawa nao siku hizi ni mboga?"

"Mbukwa, babu. Hapana, ni wa shule. Tunapima ute wao."

Akatazama ndani muda mrefu. "Mngepima mlenda, mkimaliza mnakula."

Ushauri wake niliufuata, kama utakavyoona.

Kwa kioo, nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwombe masalia. Kioo cha milimita 4 ndicho wanachokatia madirisha mengi. Akukatie vipande vya sentimita 2.5 kwa 4, na vingine vikubwa vya sentimita 10 kwa 20. Akupigie msasa kingo. Kipande kidogo cha namna hiyo kina uzito wa gramu 10 hivi, na uzito huo tutautumia.

Sasa mweke konokono juu ya kioo kikubwa kilicholoweshwa kidogo, umwache atambae. Anachokiacha nyuma ni ute wa njia. Ukimgusagusa mguuni kwa unyoya wa kuku atatoa ute mwingine, mzito zaidi, wakati mwingine wenye povu: huo ni ute wa kujihami. Usivichanganye. Ni mnyama mmoja, lakini ni vitu viwili, na kila kikopo kiandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika. Kusanya kwa ukingo wa kioo safi, siyo kwa wembe, kwani mtoto atajikata na konokono atakatwa. Na asije mtu na chumvi. Najua chumvi inatoa ute haraka. Inautoa kwa sababu inamkausha mnyama akiwa hai, na ute wenyewe unakuwa umeharibika kwa chumvi hiyo, hivyo hata kama huna huruma hutapata kipimo.

Hewa ya Dodoma inakausha kila kitu. Ute ukiachwa wazi mezani mchana wa Oktoba unabadilika kabla hujaandika tarehe. Funika kwa bakuli lenye kitambaa kibichi ndani, na upime siku hiyohiyo. Ukilala joto la chumbani, bakteria wanaula.

Kipimo cha mteremko

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, na kama una siku moja tu fanya hiki.

Paka ute kwenye kioo kikubwa, kiasi cha kufunika eneo la kipande kidogo. Weka kipande kidogo juu yake, kiache dakika moja. Inamisha kioo kikubwa polepole ukitumia vitabu, na upime pembe kwa protrakta au kwa programu ya simu. Andika pembe ambayo kipande kinaanza kusogea.

Nguvu inayokivuta kushuka ni uzito wake mara saini (sin) ya pembe, na ukiigawa kwa eneo unapata mkazo. Chukua kipande chetu cha gramu 10 chenye eneo la sentimita za mraba 10. Kwa nyuzi 30, ni 0.01 mara 9.8 mara 0.5, gawa kwa mita za mraba 0.001: Paskali 49. Kikifika wima bila kusogea umefika Paskali 98, na ute mzuri unaweza kufika huko ukakudharau. Hapo kiache wima, ongeza sarafu moja moja kwa utepe wa gundi mpaka kianze safari. Sarafu zote zipime kwanza kwenye mizani ndogo ya sonara.

Sasa leta vitu viwili vya kulinganisha. Cha kwanza ni asali, hizi zetu za Kondoa au Manyoni. Weka kipande juu ya asali, inamisha nyuzi 10 tu, halafu ondoka ukanywe chai. Ukirudi kitakuwa kimeshuka. Asali ni nzito lakini haina msimamo. Nguvu yoyote, hata ndogo, inaisogeza, ni suala la muda tu. Ute wa njia wa konokono unafanya tofauti: chini ya kiwango fulani hausogei hata ukisubiri, juu ya kiwango hicho unaachia ghafla. Kiwango hicho ndicho mkazo wa kukubali. Mwanafunzi akiiona tofauti hii kwa macho yake, hutahitaji kumweleza tena kwamba uzito na kushika ni mambo mawili.

Cha pili ni mlenda. Upike bila karanga, uuchuje kwa kitambaa, upate ule utelezi mtupu. Huu ni ute wa mmea, nyuzi za sukari tupu bila protini ndefu za mnyama, na mzee yule alisema kweli: ni sampuli safi, salama na ya bure. Upime kwa mteremko uleule. Kisha chovya kijiko na ukivute juu, uone uzi wake unafika wapi kabla haujakatika. Fanya hivyohivyo na ute wa konokono kati ya vipande viwili vya kioo, mara polepole, mara kwa kasi.

Sehemu ya mwisho ya kipimo hiki ni kurudia. Kipande kikishateleza, kirudishe mahali pake, laza kioo, subiri dakika moja, inamisha tena. Kama kinashika kwa pembe ileile au karibu nayo, ute umejiunga upya. Subiri sekunde 10, dakika, dakika tano, uchore grafu. Majaji wanapenda grafu, lakini mimi naipenda hii kwa sababu inasema kitu ambacho gundi ya dukani haiwezi. Gundi ya dukani ikiachia imeachia.

Kipimo cha kukauka

Hapa ndipo konokono wa kiangazi anapoingia. Mtafute mmoja aliyejifungia, mtazame mlangoni. Ule utando ni ute uliokauka, umemgandisha kwenye jiwe na umemfungia unyevu ndani kwa miezi. Ukimnyunyizia maji ya vuguvugu, utando unalainika, unaachia, na mwenyewe anatoka. Mgumu ukiwa mkavu, laini ukiwa umelowa, na haujaharibika katikati.

Mwaka 2019 kundi la Shu Yang wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitangaza gundi iliyoiga ujanja huu. Walitumia polima iitwayo PHEMA. Ikiwa imelowa ni laini, inaingia kwenye kila kijishimo cha uso unaobandikwa. Ikikauka inakuwa ngumu ikiwa imejifunga humo humo. Kipande cha ukubwa wa stempu kilimning'iniza mwanafunzi wa uhandisi mwenye uzito wa mtu mzima. Ukikilowesha, kinatoka bila kuacha alama. PHEMA ni jamaa wa plastiki ya lenzi laini za machoni, haitoki kwa konokono hata chembe.

Kuna mnyama mwingine anayecheza mchezo huu, kamongo. Jamaa zake wanaoishi kwenye madimbwi yanayokauka hujizika kwenye tope na kujifunika ganda la ute mkavu hadi mvua irudi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba ganda hilo si ute mfu, lina chembe hai za kinga zinazonasa bakteria. Sikuwahi kupata kamongo wa kupima, kwa hiyo nakuachia.

Kipimo chetu: kata ukanda wa shuka kuukuu wa upana wa sentimita 2. Paka ute kwenye kioo na kwenye ncha ya ukanda, bandika sentimita 2 za urefu, bana kwa kibanio cha nguo, acha kivulini hadi kesho. Nasema kitambaa, siyo kioo kwa kioo, kwa sababu katikati ya vioo viwili maji hayana pa kutokea na utasubiri mpaka likizo. Kesho yake shika kioo wima, funga kikopo chepesi kwenye ukanda unaoning'inia, na umimine maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano la mililita 5 (bila sindano, duka la dawa wanauza). Mililita moja ya maji ni gramu moja, hiyo ndiyo mizani yako. Ukanda ukiachia kwenye mililita 250, nguvu ni Nyutoni 2.45, na kwa eneo la sentimita za mraba 4 ni Paskali 6,100 na ushee. Usisahau kuongeza uzito wa kikopo.

Rudia kwa ukanda mwingine, ila kabla ya kumimina maji kwenye kikopo, dondoshea tone mbili kwenye maungio na usubiri dakika tano. Kisha mwingine ulowe, ukauke tena, ndipo upimwe. Hii ya tatu ndiyo yenye jibu: gundi inayoweza kutumika zaidi ya mara moja au la.

Kwa anayetaka asilimia ya maji, pima gramu moja ya ute, ukaushe, pima tena. Kitakachobaki ni chini ya sehemu ya kumi, na kila ulichokiona kwenye kioo kimefanywa na hicho kidogo.

Muulize ute kazi yake

Kabla hujaiga, andika sentensi moja tu kwenye daftari: "Ute huu, katika hali fulani, unafanya jambo fulani." Ukiandika sentensi mbili bado hujachagua. Mifano ya waliochagua vizuri ipo. Koa wa Ulaya, Arion subfuscus, akisumbuliwa hutoa ute unaonata hata kwenye kitu kilicholowa. Andrew Smith wa chuo cha Ithaca, Marekani, alionesha kwamba nguvu yake inategemea madini yanayofunga nyuzi pamoja. Ukiyaondoa madini, ute unalegea. Mwaka 2017 kundi la David Mooney la Harvard likatengeneza gundi ya hidrojeli, yaani jeli iliyobeba maji mengi, kwa wazo hilo: nyuzi za aina mbili, moja inavunjika na kumeza nguvu, nyingine inavutika bila kukatika. Waliijaribu kwenye moyo wa nguruwe uliolowa damu, ikashika. Sentensi yao ingekuwa: ute huu unashika mahali pabichi bila kuwa mkavu.

Hagifishi, samaki wa baharini mwenye umbo la mkunga, anatoa ute uliobeba nyuzi ndefu za protini, kila uzi sentimita 15 hivi, umekunjwa ndani ya seli yake. Zikigusa maji zinakunjuka na ute unavimba kufikia mara 10,000 ndani ya chini ya sekunde moja. Mwezi Julai 2017 lori lililobeba tani zaidi ya tatu za samaki hao lilimwaga mzigo barabarani huko Oregon, Marekani, na magari yakafunikwa na utelezi hadi zikaletwa mashine za kusukuma. Sentensi: ute huu unahifadhiwa kidogo na kuvimba ukiguswa na maji.

Kuiga kwa udongo wa mbuga

Tuchukue sentensi ya kipimo cha mteremko: ute huu unashika ukitulia, unateleza ukisukumwa, na unashika tena. Laponite ya wale wahandisi wa MIT ni ukoo mmoja na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika mpaka kuta za nyumba za Dodoma zinapata nyufa. Vibamba vyake ni vyembamba mno na vinavuta maji kati yake. Huo ndio udongo wako. Uchukue kwenye bonde lenye nyufa, siyo kwenye shamba lililotiwa samadi.

Loweka kilo moja kwenye ndoo ya maji ya mvua, siku nzima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na chokaa iliyomo inavikusanya vibamba viwe mabonge, udongo unazama na mradi unazama nao. Koroga kwa nguvu, acha dakika chache mchanga uzame, mimina yale maji mazito kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa. Acha yatulie siku mbili, toa maji maangavu ya juu, kilichobaki chini ni laini mpaka hukisikii kati ya vidole. Kama bado kinazama upesi, ongeza magadi, nusu kijiko cha chai yaliyoyeyushwa, ukoroge, usubiri hadi kesho. Magadi yaleyale ya kupikia mlenda. Sodiamu iliyomo inachukua nafasi ya kalisi, ile ya chokaa, na kuvitenganisha vibamba. Viwanda vya udongo wa kuchimbia visima vinafanya hivyohivyo kwa soda. Na hao wachimba visima ndio mfano wa matumizi nitakaoupa mbele ya jaji: tope lao linatiririka mtambo ukizunguka, likisimama linaganda na kuyashikilia mawe yaliyokatwa yasirudi chini ya shimo.

Punguza maji kivulini hadi tope liwe zito kiasi cha uji wa mtoto. Kisha rudisha vioo vyako na ufanye kipimo cha mteremko kilekile, kwa pembe zilezile, kwa kipande kilekile. Utengeneze unene wa aina tatu, mwembamba, wa kati na mzito, mpaka mmoja wao ufike mkazo wa kukubali ulioupata kwa konokono. Ukiupata, umeiga. Haufanani na ute kwa rangi, hauna protini, haunuki, na juu ya kioo unafanya kile kile.

Wazo la koa, lile la madini yanayofunga nyuzi, lina jaribio fupi. Changanya gundi nyeupe ya seremala na maji kiasi sawa. Yeyusha kijiko cha chai cha boraksi kwenye kikombe cha maji ya moto. Boraksi utaipata kwa sonara, wanaitumia kuyeyushia dhahabu. Mimina kidogo kidogo ukikoroga hadi ijikusanye. Baadhi ya gundi hazikubali, jaribu kijiko kimoja kabla ya kumaliza kopo. Ukiivuta polepole inatiririka, ukiivuta ghafla inakatika. Sasa dondoshea siki: inayeyuka mbele ya macho yako, kwa kuwa asidi imevifungua vile vifungo vya boraksi. Boraksi isiingie mdomoni, na wanafunzi wa shule ya msingi waangalie tu.

Mbele ya majaji

Weka vioo mezani, siyo konokono. Konokono watavuta watu lakini watazungumziwa wao badala ya kipimo. Jaji atauliza mtauza nini. Mwambie mkazo wa tope lako na wa ute, kwa Paskali, na umwoneshe daftari lenye siku ambazo tope halikufanya kazi pia. Atakuja mwingine kuuliza kuhusu krimu za konokono zinazouzwa mitandaoni. Jibu kwa upole kwamba hujapima ngozi ya mtu, umepima kioo.

Tope lililobaki lihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko, andika tarehe na aina ya maji uliyotumia. Likikauka usilitupe, lisage, litavimba tena. Konokono warudishe ulikowatoa, palepale, kwa kuwa bustani ya mchicha ya mtu mwingine si mahali pa kuwaachia.